Shauri la Ngitili ya Mageni

Dada yangu Scolastika amefanya kazi ya kuuliza maswali kwa miaka ishirini na mbili, na majirani zetu wa Ngokolo, hapa Shinyanga mjini, bado hawajui anafanya nini. Wakimwona anatoka asubuhi na begi mgongoni, kofia na chupa ya maji, wanadhani ni bibi afya. Yeye ni mtu wa dodoso. Walimu wa chuo kikuu wakitaka kujua wakulima wanafikiri nini kuhusu mbolea, au wachimbaji wadogo wanajua nini kuhusu zebaki, hawaendi wao. Wanamtuma Scolastika. Anapiga hodi, anasalimia kwa Kisukuma, anakalia kigoda, anauliza, anaandika. Wao wanatoa kitabu, na jina lake linawekwa kwenye ukurasa wa shukrani, tena limekosewa.

Mimi ni Asteria, mdogo wake. Nashona nguo kwenye baraza ya nyumba tunayokaa pamoja, mimi na mume wangu Edson mbele, dada na ujane wake nyuma. Nikuambie mapema kwamba mimi si mtu wa kusamehe. Padri wangu analijua hilo na ameshachoka kuniuliza.

Baba yetu, Mzee Mageni, alizaliwa Songwa, akahamia upande wa Rwamgasa, Geita, na ng'ombe wake kabla sisi hatujazaliwa. Watu wa kwetu walipohama walihama na ngitili yao. Popote walipokaa walitenga eneo, wakalifunga mvua zinapoanza ili nyasi na miti viote bila kuguswa, na kiangazi kikikaza ndipo ng'ombe wakafunguliwa humo. Ngitili ya kijiji chetu ilikuwa na mtunzaji, na mtunzaji alikuwa baba.

Mtunzaji ana desturi moja, na ni lazima uielewe, maana yote yametoka hapo. Jambo baya likitokea ndani ya ngitili, mti umekatwa au moto umewaka, watu wanakutana palepale, kwenye mkutano tunaouita dagashida. Wa kwanza kusimama ni mtunzaji. Anasema, "Kosa ni langu." Anasema hivyo hata kama siku hiyo alikuwa kitandani na homa. Hakiri chochote. Anafungua shauri. Yeye aliyekabidhiwa ametangulia kujishusha, basi na wengine waseme walichokiona kwa macho yao. Maneno yanazungushwa mtu kwa mtu, mgeni na mwenyeji, mpaka mkosaji anajulikana. Zamu yake ikifika akasema mwenyewe, anatozwa mbuzi mmoja, nyama inaliwa, yamekwisha. Akificha, anasusiwa. Hajibiwi salamu, hapewi moto, na akifa hazikwi na watu.

Machi mwaka 2015, bwawa la topesumu la kiwanda kimoja cha kuchenjua dhahabu, lililokuwa juu ya ngitili yetu, lilipasuka. Topesumu ni yale matope yanayobaki dhahabu ikishatolewa, yamejaa dawa. Yalishuka saa nne asubuhi, ya kijivu kama saruji mbichi, yakafunika ngitili yote na kisima kilichokuwa chini yake. Wiki ile walikufa ng'ombe kumi na tisa, saba wa baba.

Wenye kiwanda walileta mtaalamu. Alikuwa Daktari Eustace, mwalimu wa mazingira kwenye chuo kimoja cha Shinyanga. Alikuja kwa gari lao, amevaa buti zao na kofia yao. Dagashida ikaitwa. Scolastika alikuwa Kahama, anauliza watu habari za vyandarua, lakini mimi nilikuwepo, nimeketi na wanawake. Baba alisimama mbele ya yule mtu, akavua kofia, akasema, "Kosa ni langu." Nikamwona Eustace anaandika. Kabla maneno hayajafika kwa mtu wa pili, aliangalia saa yake, akashukuru, akasema mvua imetanda na barabara itakuwa mbaya. Gari likaondoka.

Baada ya mwezi ikaja ripoti. Ilisema bwawa lilipasuka kwa sababu ya mvua zisizo za kawaida, na kwa sababu mifugo ilipitishwa juu ya tuta, "kama alivyokiri mtunzaji wa eneo mbele ya mkutano wa kijiji." Yaani ng'ombe wa baba walipasua bwawa, kisha wakashuka bondeni haraka kusubiri kufa! Mwishoni mwalimu alipendekeza wanakijiji wapewe elimu ya mazingira.

Kiwanda kiliishika ripoti ile kama kinga. Kisima kingine hakikuchimbwa, wanawake wakaanza kufuata maji kilomita tisa, na hasira yote ikamshukia baba. Aliyetangaza asusiwe ni kamanda wa walinzi wa kijiji, yaani sungusungu, Mzee Mwigulu, mtu aliyechunga naye tangu wakiwa wadogo. Alimwambia, "Mageni, ungekaa kimya tungekuwa na maji." Kana kwamba si yeye aliyekuwa akimsikia baba akisema maneno yaleyale kwa miaka thelathini.

Baba aliishi miezi kumi na mmoja baada ya hapo. Kila asubuhi alitoka na kigoda chake, akakaa kando ya njia, akamsalimia kila aliyepita. "Mwangaluka." Hakuna aliyejibu. Hakuacha kusalimia mpaka siku ile alipoanguka palepale kwenye kigoda.

Kwetu kaburi huchimbwa na majirani. Mfiwa hashiki jembe, ni mwiko na ni aibu. Kaburi la baba tulilichimba sisi watatu, mimi, Edson na Scolastika, tukagonga mwamba mara mbili. Watu wakapita barabarani wakitazama upande wa pili. Niliwakariri kwa majina, mmoja mmoja, na nikiulizwa leo nayataja bila kukosea. Dada yeye hakulia wala hakutukana. Alipomaliza kusawazisha udongo alisema, "Huyu aliyeandika ripoti, siku moja na mimi nitamuuliza."

Alingoja miaka saba. Aliendelea kutumwa na chuo kilekile, akipishana na Eustace kwenye korido. Alimwamkia, "Shikamoo, Profesa," maana kwa wakati huo alishakuwa profesa, na Profesa akaitikia, "Marahaba, mama," bila kumtazama. Hakuwahi kumuuliza anatoka wapi. Kwake dada alikuwa mama wa dodoso tu, na makaratasi yake alisaini kwa jina la marehemu mumewe. Nilimwambia mara nyingi amtemee kwenye chai. Akanijibu kwamba mate hukauka.

Mwaka 2023 akaja pale chuoni mwalimu kijana, Daktari Nelly, na utafiti wa ajabu. Alitaka kujua walimu wa vyuo vikuu wenyewe wanaonaje majanga ya mazingira na elimu ya mazingira. Kwa mara ya kwanza wenye kuuliza wangeulizwa. Mwosha huoshwa. Na wa kuwauliza ni nani? Ni Scolastika.

Aliwauliza walimu thelathini na mmoja. Nilikuwa nikimngoja arudi kama watu wanavyongoja mpira redioni. Mmoja alisema majanga ni mapenzi ya Mungu, na huyu anafundisha jiolojia. Mwingine alisema elimu ya mazingira ni somo zuri kwa sababu wanafunzi hawafeli. Mwingine, anayekaa mtaa wa pili kutoka kwetu na kumwaga taka zake kwenye mtaro kila Jumamosi, aliongea saa nzima juu ya wananchi wasiojali. Kulikuwa na swali la kuweka alama: nani anahitaji zaidi elimu ya mazingira? Walipewa kuchagua wanakijiji, wachimbaji wadogo, viongozi, wawekezaji au walimu wa vyuo. Ishirini na sita waliweka alama kwa wanakijiji na wachimbaji. Kwa walimu wa vyuo aliweka mtu mmoja, mama mmoja anaitwa Klara, na aliiweka kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Wa mwisho alikuwa Profesa Eustace. Kila mhojiwa alirekodiwa kwenye simu ya kazi, hana jina, ana namba, na dada alikuwa amesaini kiapo cha kutunza siri. Mimi sikusaini, ndiyo maana nakwambia. Alirudi nyumbani mchana ule, akakaa kuandika yaliyosemwa, kisikilizio kimoja sikioni. Nilimwona kalamu imesimama. Nikachukua kile cha pili.

"Taja janga la mazingira ulilowahi kulishuhudia kwa macho yako," sauti ya dada ilisema.

"Jina si linafichwa?"

"Linafichwa, Profesa."

"Basi. Kuna bwawa moja la topesumu, huko upande wa Geita. Tuta lilikuwa jembamba mno, na lilikuwa limevuja siku kadhaa kabla. Alama za maji zilionekana wazi, nilizikanyaga. Lakini nilikwenda na gari lao, unaelewa mambo haya. Kwa bahati mzee mmoja akasimama akasema kosa ni lake. Ikarahisisha kazi."

"Alikuwa anakiri, Profesa?"

"Aa, wapi. Ni desturi ya ngitili. Alikuwa anafungua shauri. Mimi mwenyewe baba yangu alikuwa mtunzaji, huko Kishapu."

Halafu dada, sauti ileile ya kazi, "Na hapo nani alihitaji elimu ya mazingira?"

Profesa akacheka. "Andika wanakijiji."

Nilikuwa na mkasi wa kazini mkononi na sikumbuki niliuokota saa ngapi. Alijua! Miaka yote nilidhani ni msomi wa mjini aliyepitiwa na mambo ya watu wa shamba, na kumbe alikulia ndani yake, amewahi kumsikia baba yake mwenyewe akisema yaleyale. Nilimwambia dada tuipeleke sauti ile redioni, tuiweke kwenye simu ya kila mtu, tuipige kwa spika mbele ya geti la chuo.

"Nimeapa," akasema.

"Wewe. Mimi sijaapa."

"Utaapa sasa hivi, kwa kaburi la baba, kwamba hutatamka neno mpaka shauri lizungushwe."

"Shauri gani? Baba amekufa!"

"Asteria, nisikilize. Hii sauti ikitoka, atasema ameibiwa maneno, na Nelly atafukuzwa kazi. Baba aliuawa na shauri lililokatwa katikati. Nitalimalizia palepale lilipokatwa, na yeye mwenyewe atakuwepo."

Niliapa, lakini niliapa nikisaga meno.

Haukupita mwezi, Profesa akampigia dada simu. Alikuwa amepata mradi mkubwa, elimu ya mazingira kwa vijiji kumi na viwili, miaka minne ya kuhoji watu. Cha kwanza kilikuwa kijiji chetu. Alitaka kupanda miti kwenye ngitili iliyoharibika, na akamwomba mama wa dodoso atangulie kuandaa wananchi. Dada alimjibu, "Hilo niachie mimi, Profesa."

Tulikwenda wote wawili kwa Mzee Mwigulu. Amezeeka, anatembelea fimbo. Dada hakumwamkia, akauliza moja kwa moja.

"Ngitili ina mtunzaji?"

"Hapana, mwanangu. Tangu baba yako, hakuna anayekubali kuishika. Nani asimame aseme kosa ni lake, halafu yampate yale?"

"Nipe mimi."

Mzee akashtuka. "Mwanamke?"

"Kaburi la baba nililichimba mimi. Siku ile mbona hukuniuliza kama ni mwanamke?"

Mwigulu akaingia ndani, akatoka na fimbo ya baba ya utunzaji, ile ya mpingo, aliyokuwa ameificha kwake miaka yote. Dada aliipokea kwa mikono miwili. Mimi nilimtazama mzee yule na sikumhurumia hata chembe.

Dagashida ilikaa Oktoba, asubuhi, palepale penye udongo mweupe usioota kitu mpaka leo. Watu walikuwa zaidi ya mia mbili. Profesa alikuja na wanafunzi wake na lori la miche. Akahutubia kwa Kiswahili kizuri. Alisema majanga mengi ya mazingira yanatokana na uelewa mdogo wa jamii, na kwamba elimu ndiyo ufunguo. Watu wakapiga makofi ya adabu. Akaketi kwenye kiti cha plastiki, akafungua maji yake.

Ndipo Mzee Mwigulu akagonga fimbo chini na kusema ngitili ina mtunzaji mpya, na mtunzaji ana neno. Scolastika akasimama, fimbo ya baba mkononi. Alizungumza Kisukuma.

"Mimi ni Scolastika, mtoto wa Mageni. Bwawa lilimwagika hapa, watu wakakosa maji. Kosa ni langu."

Nilikuwa namwangalia Profesa. Chupa ilisimama kabla haijafika mdomoni. Alimtazama dada usoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu amfahamu.

"Shauri hili lilifunguliwa na baba yangu," dada aliendelea, "na halikuzungushwa. Wote waliokuwepo siku ile, kila mmoja aseme alichokiona. Tunaanza na wenyeji."

Mwanamke mmoja, mama mtu mzima, akainuka akasema alikuwa akichota maji na kuona tuta linavuja siku tatu kabla. Akafuata mchunga ng'ombe, akasema juu ya tuta kulikuwa na uzio wa seng'enge, hata mbuzi hapiti. Mwingine akasema alikwenda kiwandani kuwaambia, akafukuzwa na mlinzi. Walisema watu kumi na wanne. Wote walikuwa wanajua, na wote walipita kando ya kile kigoda miezi kumi na mmoja bila kuitikia. Wengine walilia wakisema. Mimi machozi yao niliyaona ya kuchelewa.

Maneno yakafika kwa mgeni.

"Profesa," dada akasema, sasa kwa Kiswahili, kwa sauti ya kazi, taratibu. "Ulikuwepo siku ile. Uliona nini kwa macho yako?"

Pale palikuwa na mlango wazi. Angesema tu aliyoyasema ofisini kwake akicheka, angetozwa mbuzi mmoja, angekula nyama na sisi, na mradi wake ungeendelea. Aliijua desturi, alikulia ndani yake. Dada alimpa nafasi kwa haki kabisa, na najua alitaka aitumie. Mimi nilikuwa naomba Mungu asiitumie.

Akajikohoza. "Ni zamani, mama. Yapo kwenye ripoti. Mimi binafsi sikumbuki."

"Hukumbuki tuta?"

"Sikumbuki."

Dada akamngoja kidogo zaidi ya inavyotakiwa. Kisha akageuka kwa Mwigulu, na mzee akasimama. Alisema kijiji kilimkosea mtu wake, na yeye ndiye aliyetangulia. Halafu akamnyooshea Profesa fimbo. "Huyu amekalia neno kwenye ngitili. Asusiwe. Hapa, na kila kijiji chenye sungusungu tunaosikilizana nao."

Profesa alitabasamu. Watu wa ofisini hutabasamu hivyo wakiona mambo ya kijijini. Akasimama kuaga, akasema, "Haya, asanteni sana, tutaonana." Watu mia mbili walikaa kimya. Akamgeukia mama aliyekuwa karibu naye, akampa mkono, na yule mama akaanza kufunga kitenge chake upya. Mpaka anaingia kwenye gari tabasamu lilikuwa limekwisha. Miche tuliibakiza, haina kosa.

Siku ileile wanakijiji waliongozana mpaka kwenye kaburi la baba, kila mmoja na konzi ya udongo. Nilisimama kichwani mwa kaburi. Walivyopita nilitaja majina yao kwa sauti, wale wote niliowakariri, na hakuna aliyethubutu kuniambia nyamaza. Mzee Mwigulu alipiga magoti akasema, "Mwangaluka, Mageni." Nikamwambia apaze sauti.

Wanafunzi wa Profesa walirudi vijijini mara tatu. Vijana wa watu, hawana hatia, walikaribishwa, walipewa uji, waliulizwa hali za wazazi wao. Lakini wakitoa lile dodoso lenye jina lake juu, wenyeji walikumbuka kwamba wana kazi shambani. Kijiji cha pili vilevile, na cha tano, na cha kumi na mbili. Mtaalamu wa kueleza watu wa vijijini wanafikiri nini hana mtu mmoja wa kumwambia hata jina lake. Mradi ukafungwa mwaka jana.

Chuo nacho hakimwiti dada tena. Nelly alimaliza utafiti wake salama, akaleta nakala, na jina limeandikwa sawasawa. Scolastika sasa siku nyingi yuko kijijini na fimbo yake. Miche imeshika upande wa chini, upande wa juu bado udongo mweupe. Huja Ngokolo mwisho wa mwezi kupumzika.

Alikuwa hapa Jumamosi iliyopita, anaosha vyombo, mimi nipo kwenye cherehani, tukasikia hodi. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Sauti tuliijua.

"Hodi. Mama Scolastika, ni mimi, Eustace." Akangoja. Akasalimia kwa Kisukuma. "Mwadila, mayu." Hakuna aliyejibu. "Nimekuja kusema. Nitasema yote, tuta na kila kitu. Nataka tu watu waniitikie. Hata kwetu Kishapu, nimekwenda msibani, hawaniitikii."

Nilimwona dada anauma mdomo. Ana moyo laini kuliko wangu. Akakausha mikono, akatazama mlango, kisha akanigeukia mimi na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka nje:

"Asteria, mtu akiwa na neno la ngitili, analisemea wapi?"

"Kwenye ngitili," nikajibu.

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu wote."

Tukamsikia anapumua pale nje. Alisimama muda mrefu kiasi cha kumaliza upindo wa sketi. Halafu viatu vikaondoka kwenye kokoto, taratibu, kuelekea barabarani.

Bado hajakwenda kwenye ngitili. Njia anaijua, na kaburi la baba liko kandokando yake, karibu na pale alipokuwa akiweka kigoda.